Bunduki ya bei chee iliyoniumbua Arizona

Kabla hujaniita jambazi naomba tuelewane. Mimi ni mtoto wa Magomeni tu, maisha yamenitupa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, mji ambao mwaka 2023 ulikaa siku 31 mfululizo joto likigonga nyuzi 43 na kuzidi, na watu wakaenda kazini kama kawaida. Huku bunduki inauzwa duka moja na mahema, ndoano za samaki na raba za michezo. Unaipita ukienda kutafuta soksi.

Kwa hiyo jirani yangu aliponigongea Jumapili moja jioni na kusema, "Kaka, unisaidie kuchagua bunduki ya mtoto," sikuzimia. Nilizima televisheni, nikamwambia akae.

Jirani mwenyewe ni Mkongo wa Uvira. Hapa Phoenix wapo wengi, Wakongo na Warundi, wengine wamepitia kambi za wakimbizi za kwetu Kigoma, na Kiswahili chao ukikizoea ni kitamu kama mgebuka wa kukaanga. Kijana wake ana miaka 13. Shuleni kasikia habari za 4-H, ile klabu ya vijana ambayo wengine wanafuga mbuzi, wengine wanashona, na wengine wanafundishwa kulenga shabaha kwa bunduki ndogo. Yeye kachagua shabaha. Habari za mbuzi hakutaka hata kuzisikia.

Tatizo lilikuwa mama yake. Mama huyu alikimbia Uvira Oktoba 1996 akiwa binti mdogo, risasi zikilia nyuma yake, akavuka Ziwa Tanganyika na kuishia kambi ya Nyarugusu. Kwake yeye bunduki haina ndogo wala kubwa. Hukumu alishaitoa: "Ile kitu haitaingia mu nyumba yangu." Mume kabembeleza wiki tatu nzima. Mwisho wakakubaliana hivi: bunduki inunuliwe, ikae kwangu, mama aione ikipigwa siku moja kwa macho yake mwenyewe, halafu aseme. Akisema hapana, inauzwa, na hasara ni ya baba.

Na mimi nimeingiaje hapo? Domo langu. Kila kwenye harusi huwa nawasimulia watu nilivyokuwa mlenga shabaha hatari pale JKT Ruvu mwaka 1992, SAR begani, afande ananitazama kwa wivu. Sijawahi kuwaambia kwamba nilipiga risasi tano tu na kwamba mbili kati ya hizo hadi leo haijulikani zilikwenda wapi.

Haya. Kabla ya kwenda dukani jirani akanipa wazo: "Nunua kwa jina lako, kaka, nitakurudishia hela." Nikamwambia, ndugu yangu, hapo unatafuta soo. Kwenye duka lenye leseni unajaza fomu namba 4473, na moja ya maswali yake ni kama wewe ndiye mnunuzi hasa. Ukijibu ndiyo huku hela ni ya mwenzako aliyekutuma, umeidanganya serikali ya shirikisho, na watu wanafungwa kwa hilo. Ukiinunua kwa hela yako uje umpe mtu zawadi, hiyo ni habari nyingine. Basi akajaza mwenyewe. Ana kadi yake ya kijani na kitambulisho cha jimbo, muuzaji akaingiza jina kwenye ule mtambo wa FBI wa kuchunguza wanunuzi ulioanza mwaka 1998, tukasubiri kidogo, jibu likaja safi.

Hapo niwaambie na nyie mnaopanga kuja huku. Mwenye viza ya kutembea au ya masomo haruhusiwi kumiliki wala hata kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa vijisababu vichache vya kisheria, mfano kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mpwa wangu yuko chuo hapa kwa viza ya masomo. Aliposikia habari za bunduki alikuja mbio, kavaa miwani nyeusi, kanyoa upya. "Anko, unipige picha moja tu nimeishika, niitume nyumbani." Nikamwambia picha hiyo hiyo ndiyo itakayosomwa mahakamani. Alinuna mpaka tunafika. Siku nzima alikaa nyuma akila bisi.

Sasa tuingie kwenye mali yenyewe. Nilimshauri jirani achukue bunduki ya .22, ya bolti. Ngoja nieleze kwa nini.

Risasi ya .22 Long Rifle ilitoka mara ya kwanza mwaka 1887, na mpaka leo hakuna iliyoipiku kwa mtu anayejifunza. Risasi kubwa zina fataki katikati ya kitako chao (siyo wale mafataki wa kuhonga wanafunzi, tulia), yaani kile kidonge kinachowasha baruti. Hii haina kidonge. Dawa ya kuwashia imewekwa ndani ya ukingo wa ganda, pale chini palipobinuka kama ukingo wa sahani. Pini ya bunduki inagonga ukingo, dawa inawaka, risasi inaondoka. Ndiyo maana ganda ni jepesi na bei chee, na likishatumika ni takataka, hulijazi tena. Boksi la risasi 50 tulilipata kwa dola tano. Bunduki kubwa za kuwindia zingetumaliza mshahara kabla ya saa nne asubuhi.

Tena haipigi teke. Kile kirisasi kina uzito wa gramu 2.6, na begani unasikia kama mtoto anakugusa akiomba pipi. Lakini usikidharau. Boksi lenyewe linaonya kwamba kinaweza kufika maili moja na nusu, karibu kilomita mbili na nusu. Ukifyatua Magomeni Mapipa, walioko Jangwani na ng'ambo yake wana haki ya kulala chini. Na kinaua, hilo mama wa Uvira hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Na bolti je? Bolti ni chuma kama komeo la mlango wa zamani. Unainua mkono wake, unavuta nyuma, ganda tupu linaruka. Unasukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Unalaza mkono, mlango umefungwa. Kila risasi ni lazima ufanye hivyo mwenyewe. Ile bunduki inayojikoki yenyewe, mtoto anamaliza kumi kabla hujamaliza kumwambia "subiri". Yenye bolti inamlazimisha apumue. Halafu mtu aliyesimama pembeni akiona komeo liko wazi anajua hali ilivyo bila kuuliza.

Pale dukani tuliwekewa tatu juu ya meza. Ya kwanza CZ 457 ya Wacheki, kitako cha mbao, imenakshiwa kama kabati la bibi harusi. Jirani aliishika kwa heshima, akageuza kibandiko cha bei, akairudisha kwa heshima ile ile.

Ya pili Savage Mark II. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1894 na Arthur Savage, mzaliwa wa Kingston, Jamaika (mnaosikiliza rege mlikuwa hamjui hilo), na bunduki yenyewe hutengenezwa Lakefield, Kanada. Hii ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote, na triga yake ina kiulimi chembamba katikati: usipokibonyeza hicho kwanza, haifyatuki. Mtu mzima mwenye hela ya mawazo ningemwambia achukue hiyo aende zake. Ila waliyokuwa nayo siku hiyo ilikuwa ya saizi ya mtu mzima. Kijana akiiweka begani mkono ulikuwa unaitafuta triga kama mtu anayetafuta swichi gizani.

Ya tatu ndiyo tuliyoondoka nayo: Ruger American Rimfire, ile fupi wanayoiita Compact. Dola 340 kabla ya kodi. Mtutu wake sentimita 46, uzito kilo mbili na nusu hivi bila darubini. Kitako ni cha plastiki, na ukikigonga kwa kidole hakilii kama mbao, nisikudanganye. Lakini kile kipande cha nyuma kinabadilishwa: mtoto akirefuka unafunga kirefu, bunduki inakua naye kama suruali iliyoachiwa pindo. Magazini yake (siyo ya kusoma) ni kiboksi cha kuzunguka chenye risasi kumi, kile kile ambacho Ruger wanakitumia kwenye 10/22 tangu mwaka 1964, kwa hiyo ukipoteza kimoja kipo kila duka. Kitufe cha usalama kiko juu nyuma ya bolti, chini ya dole gumba, hata asiyejua anakiona. Uzito wa triga unarekebishwa kwa skrubu.

Muuzaji akatuonyesha kitu kimoja zaidi ambacho mimi, mtaalamu wa Ruvu, nilikipita bila kukijali. Ubavuni kushoto kuna kiwenzo kidogo. Ukikibonyeza huku bolti imevutwa, bolti yote inatoka mkononi, bila hata kugusa triga. Nikasema sawa sawa, tuendelee, vipi kuhusu darubini? Darubini haimo kwenye bei, hilo lijue mapema. Tulinunua ya kukuza mara nne, dola 60.

Jumamosi asubuhi, mwezi Februari, tukaenda Ben Avery. Hicho ni kiwanja cha shabaha cha umma kaskazini mwa mji, kinasimamiwa na idara ya wanyamapori ya jimbo, na ni moja ya viwanja vikubwa vya aina yake Marekani. Jangwa tupu, vilima mbele, mikakati mirefu imesimama mikono juu kama imetekwa. Meza za zege zimepangwa mstari mrefu. Kuna babu na wajukuu, kuna akina dada na vikapu vya chakula. Mama wa Uvira kavaa kitenge chake na yale makopo ya kuziba masikio, kakaa benchi la nyuma kabisa. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya sikukuu.

Nilianza mimi, kuweka darubini sawa. Karatasi iko yadi 50, mita 46 hivi. Kwa risasi za bei ya chini zile za kukimbia sana, matundu matano yalitawanyika kama sentimita nne. Siyo mbaya, siyo ya kusimulia. Nikabadilisha nikaweka zile za mwendo wa kawaida, ambazo zinakwenda kama mita 325 kwa sekunde. Tano zote zingefunikwa na kizibo cha soda. Nikadhani bahati, nikarudia. Kizibo tena. Sababu ni kwamba risasi yenye mbio inatoka mtutuni ikiwa imepita kasi ya sauti, halafu njiani inapungua na kuirudia kasi hiyo, na pale inapoivuka inatikisika. Ile ya pole haivuki kitu, inakwenda zake kimya kimya. Kwa hiyo ukiwa na bunduki ya namna hii jaribu risasi aina mbili tatu kwanza kabla hujaitukana.

Kwenye Olimpiki wanapiga risasi hizi hizi za .22 kwa mita 50, na duara la pointi kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Sisi hatukuwa Olimpiki. Ila kwa bunduki ya dola 340, mikononi mwa mzee mwenye kitambi, nilianza kujisikia. Nikamgeukia mama wa Uvira nikamwonyesha dole gumba. Hakuonyesha kitu.

Akaja kijana. Baba yake kakaa ubavuni. Dogo alishapita darasa la usalama la klabu, na kila kitu alikuwa anakisema kwa sauti ndogo kama anasali: mtutu mbele, kidole nje, tazama nyuma ya shabaha. Risasi ya kwanza ikatua nje ya duara. Ya pili ndani. Ya tatu ndani. Ya nne, klik.

Kimya. Haikulia.

Hizi risasi za ukingo zina ugonjwa huo, hasa za bei ya chini. Dawa isipoenea vizuri ukingoni, pini inagonga mahali patupu. Mara nyingi inakuwa imekufa moja kwa moja, lakini mara chache inakuwa inawaka pole pole, na mtu akifungua komeo haraka au akigeuka kumwuliza baba, ndipo inapolia. Moyo ulinipanda kooni. Nilitaka kusema kitu, sikuwahi. Dogo hakugeuka, wala mtutu haukutikisika. Alianza kuhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Kisha akafungua komeo taratibu, risasi ikatoka nzima, ukingoni ina alama ya pini, akaiweka kando na kuomba ipelekwe kwenye kopo la risasi zilizokufa. Akaendelea.

Nikageuka nyuma. Mama alikuwa amesimama.

Sasa sikiliza nilivyojiharibia. Muda kidogo ikatangazwa kusitisha: komeo wazi, kibendera cha plastiki ndani ya chemba, wote nyuma ya mstari, hakuna kugusa bunduki, maana watu wanakwenda mbele kubadilisha karatasi. Hiyo ni sheria namba moja ya kiwanja, nilikuwa nimeisikia tangu asubuhi mara tano. Lakini nimeshapata kichwa. Nataka kumwonyesha mama kwamba kitu hiki ni salama, tazama, komeo liko wazi. Nikavuka mstari, nikanyoosha mkono, nikaishika bunduki.

Sauti iliyonishukia sitaisahau. Msimamizi, mzee mwenye masharubu meupe, aliniita "Sir" kwa namna ambayo hata afande wa Ruvu hakuwahi kuniita mjinga. Nikaachia kama nimeshika pasi ya moto. Meza zote zimegeuka. Mbele kule, mita chache tu, baba mmoja alikuwa na binti yake wanabandika karatasi, nao wamegeuka wananitazama. Msimamizi hakunitukana. Alinielekeza mstari, akaniambia nikae nyuma yake, na nikirudia naenda nyumbani. Alikuwa na haki kabisa. Mpwa wangu alikuwa ameacha kutafuna bisi.

Nikajua basi, dola 340 zimekwenda na maji. Nimemleta mama aone kama bunduki ni salama, halafu mtu mzima pekee anayejiita fundi ndiye aliyefanya upuuzi mbele ya watoto wa watu.

Mama akamwita mwanae. "Huyu Papa amekosea nini?" Dogo akaniangalia kwanza, kwa huruma, kisha akaeleza yote bila kukosea neno: watu wako mbele, bunduki haiguswi hata kama ni tupu, haijalishi nani anaigusa. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema polepole, "Mutoto anajua kupita mukubwa." Nikatamani ardhi ya Arizona ipasuke.

Kiwanja kilipofunguliwa tena alikuja mwenyewe mpaka mezani. Hakutaka kupiga. Aliuliza swali moja tu, akionyesha kwa kidole: "Ile chuma inavutwa, inatokaka?" Dogo akabonyeza kile kiwenzo cha ubavuni, ile bolti ikateleza ikamjia mkononi. Akampa mama. Kipande cha chuma kinachojaa kiganja tu.

"Na hii ikikosekana?"

"Inabaki bomba tu, mama. Hata risasi ikiwemo, hakuna cha kuigonga."

Mama akakigeuza, akakinusa mafuta, akachomoa kitambaa kwenye mkoba, akakifunga, akakitia ndani ya mkoba na kuvuta zipu. "Hii nitaweka mimi," akasema. "Ile bomba muweke nyinyi." Mume wake alinitazama kama mtu aliyetoka mahakamani na ushindi ambao hajauelewa.

Basi hayo ndiyo matokeo ya ukaguzi wangu. Kama unataka namba, mimi naipa saba na nusu kwa kumi: nusu nimekata kwa plastiki, moja kwa sababu triga ilitoka dukani nzito kwa kidole cha mtoto mpaka tukairekebisha, na moja kwa kuwa ukijumlisha darubini, kufuta mafuta na risasi, ile "340" inafika mia tano hivi hivi unaiona. Kwa kulenga ni nzuri kuliko sisi tulioishika. Ninyi mlioko Bongo mambo ni tofauti kabisa, silaha ina sheria yake ya mwaka 2015 na leseni yake, kwa hiyo msije mkaenda kuulizia dukani kwa jina langu.

Bunduki iko kwao sasa, ndani ya kabati la chuma, na kufuli. Risasi ziko chumba kingine. Bolti ilipo hajui mtu, hata baba. Jirani aliwahi kuitafuta kwa utani kwenye ndoo ya mchele, akaambulia makofi ya kijiko cha ugali.

Kuta za hapa kwetu ni nyembamba. Jumamosi iliyopita alfajiri nilimsikia dogo: "Mama, naomba bolti."

Jibu likatokea jikoni: "Umeosha vyombo?"